Kabla hujanunua turbo nyingine, fungua sampo kwanza

Hilux yangu ni ile ya dizeli ya lita 3.0, injini ya 1KD, gia za mkono. Niliinunua kwa mtu wa Mafinga aliyekuwa anahama mkoa, na sifa kubwa aliyoipigia debe ni kwamba turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ni mpya, ameifunga muda si mrefu. Alifungua boneti akanionyesha, na kweli ilikuwa inang'aa kuliko vyote vilivyoizunguka. Mimi biashara yangu ni viazi na parachichi, nasomba kutoka Njombe na Mafinga kuleta Iringa, mara nyingine nashuka nao hadi Dar. Nilipoambiwa turbo mpya nilihesabu kwamba gharama hiyo nimeiepuka. Siku hizi mtu akijisifu kwamba gari lake lina turbo mpya, namuuliza ile ya zamani ilikufa kwa nini. Wengi hawana jibu, na hapo ndipo pa kuanzia kupunguza bei.

Mluzi ulianza taratibu. Kila gari la dizeli lenye turbo lina sauti yake ndogo ya upepo ukikanyaga mafuta, na dereva akiizoea haisikii tena. Huu ulikuwa mwingine. Ukitoka Ruaha Mbuyuni kupandisha mlima wa Kitonga kuna sehemu ambazo upande mmoja ni ukuta wa mwamba, na ukiwa na mzigo na kioo kimeshushwa, gari lako mwenyewe linakurudia masikioni. Hapo ndipo nilipousikia kwa mara ya kwanza vizuri: sauti nyembamba ya king'ora, inaanza raundi za injini zikifika kama 1,800 kwa dakika, inapanda kadiri ninavyokanyaga, inashuka nikiachia. Mdogo wangu aliyekuwa amekaa pembeni alisema ni gari la zimamoto linakuja nyuma. Tuliangalia vioo wote wawili.

Kama una Hilux, Prado, Hiace ya dizeli, Fuso au chochote chenye turbo na umeanza kusikia kelele, neno la kwanza ninalokuomba ni kwamba usikubali mtu akuambie "turbo hiyo" akiwa amesimama mlangoni kwa dereva. Fundi wa kwanza niliyempelekea alifanya hivyo. Alisikiliza gari likiwa limesimama, akapiga mafuta mara mbili tatu, akamgeukia mdogo wangu (si mimi, ingawa funguo zilikuwa mkononi mwangu) akamwambia turbo imekufa, kuna ya mtumba Dar kwa 1,100,000, kuifunga 150,000, kesho kutwa gari linatembea. Nilimuuliza amejuaje. Akasema, "Mama, hii kazi nimeanza zamani." Nikamshukuru nikaondoka. Alichosema kilikuja kuwa nusu ya ukweli, na hiyo nusu ingenigharimu turbo nyingine.

Kelele za turbo haziko za aina moja, na nyingine si za turbo kabisa. Hiki ndicho nilichokusanya kwa kuhangaika na mafundi tofauti, na kwa kukaa kwenye kiti cha gereji nikisikiliza magari ya watu.

Kuna mlio wa "ssss", upepo unaovuja. Unausikia ukikanyaga gari likiwa na mzigo, na unakuja pamoja na gari kukosa nguvu na kutoa moshi mweusi nyuma. Hapo mara nyingi ni mpira unaotoka kwenye turbo kwenda intakula (kile kipoza hewa), au ule unaotoka intakula kwenda kwenye injini. Umepasuka, au klipu yake imelegea. Turbo inasukuma hewa, hewa inatokea njiani, kompyuta inaendelea kupeleka dizeli, dizeli haipati hewa ya kutosha, ndiyo moshi huo. Ukipima kwa mashine unaweza kukuta msimbo P0299, maana yake msukumo wa turbo uko chini ya unaotakiwa. Msimbo huo hausemi turbo ni mbovu. Unasema hewa haikufika, na haujali imepotelea wapi.

Kuna mlio wa "chu-chu-chu" asubuhi injini ikiwa ya baridi, unaopungua au kuisha injini ikipata moto. Huo ni gasketi ya eksozi au bolti za kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) zimelegea au kukatika. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba pengo. Angalia kwenye maungio utaona masizi meusi pale gesi inapopenyea.

Kisha kuna king'ora. Shafti ya ndani imelegea, feni haizunguki katikati tena, au mabawa yameanza kugusa ukuta. Huu unafuata mzigo kuliko raundi: gari likiwa limesimama ukapiga mafuta unaweza usisikie kitu, maana turbo haifanyi kazi kubwa, lakini mlimani kwa raundi hizohizo unalia. Kama mlio unatoka vilevile gari likiwa limesimama, usiende kwenye turbo haraka. Inaweza kuwa beringi ya alteneta, pampu ya stering au puli ya mkanda. Fundi anaweza kuutoa mkanda wa nje, akawasha injini ya baridi kwa sekunde chache tu, akazima. Mlio ukitoweka, umeokoa pesa nyingi.

Yangu ilinichanganya kwa sababu zilikuwa kelele mbili kwa pamoja. Fundi wa pili aliikuta klipu ya mpira wa juu wa intakula imelegea na mpira wenyewe umelowa oili na kuvimba. Akapaka maji ya sabuni, mdogo wangu akakanyaga mafuta, mapovu yakatoka waziwazi. Tukabadilisha mpira na klipu, 90,000. Gari likapata nguvu palepale, na kwa siku kadhaa niliamini kazi imeisha, hadi niliporudi mlimani na mzigo. King'ora kilikuwepo, tena sasa kinasikika vizuri zaidi kwa kuwa ile "ssss" haikuwepo kukifunika. Ukirekebisha kitu kimoja na kelele ikabadilika, usiseme imepona. Kaisikilize tena mahali palepale ulipoisikia mwanzo, ukiwa na mzigo uleule.

Na lile swali la oili imefikaje kwenye mpira wa hewa hakuna aliyeliuliza. Unyevunyevu mwembamba ni kawaida, unatokana na mvuke wa oili kutoka kwenye injini. Wangu haukuwa unyevunyevu. Tulipoukunja ulidondosha.

Fundi wa tatu ni mzee mmoja wa Ipogoro, hana bango, na ana foleni. Nilimsalimia shikamoo, nikaanza kumsimulia, akaninyamazisha kwa mkono akisubiri injini ipoe. Turbo upande wa eksozi hupata moto wa mamia ya nyuzi, hufika hata kuwa nyekundu usiku, kwa hiyo asikudanganye mtu kuishika gari likiwa limetoka barabarani. Ilipopoa akachomoa bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, akaniita niweke vidole ndani nishike ncha ya shafti.

"Isukume pembeni." Ikacheza kidogo.

"Hiyo kidogo ni kawaida, oili haipo sasa hivi. Sasa ivute kama unaichomoa, halafu isukume ndani."

Niliposukuma nilisikia "tak". Nikavuta, "tak".

"Hiyo hairuhusiwi hata kidogo, mama."

Akamulika kwa tochi ya simu. Ncha za mabawa ya feni, ambazo zinatakiwa kuwa kali na sawasawa, zilikuwa zimekwanguka na kung'aa upande mmoja, na kwenye ukuta wa nyumba ya turbo kulikuwa na msitari mweupe wa alumini mahali zinapogusa. Huo ndio uliokuwa unalia Kitonga. Kipimo hicho hakihitaji mashine, hakihitaji hata kuitoa turbo. Ukienda gereji yoyote wakakuambia turbo imekufa, omba uishike shafti wewe mwenyewe.

Nikamwambia basi niagize nyingine. Akanijibu kitu ambacho tangu hapo nimekirudia kwa watu wengi: "Imekufa ndiyo. Lakini mimi sifungi nyingine hapa mpaka nijue hii imeuawa na nini."

Akanieleza akiwa bado anaimulika. Shafti ya turbo kama yangu inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haikukalia beringi za gololi. Imekalia bushi laini ambazo zenyewe zinaelea kwenye oili. Oili ndiyo inayoishika, ndiyo inayoipoza. Ikichelewa kufika, hata kwa sekunde chache asubuhi gari linapowashwa, au ikifika na uchafu, bushi zinalika. Zikilika shafti inayumba, ikiyumba mabawa yanagusa, na sili, vizuizi vya oili, zinaachia oili ipite kwenye hewa. Kwa hiyo turbo inayopiga kelele inakuambia habari za oili: imebadilishwa kwa kuchelewa, bomba la kuileta limeziba, bomba la kuirudisha limeziba, au pampu hainyonyi vizuri. Visababu visivyo vya oili vipo pia, hasa filta ya hewa iliyochakaa ikapitisha vumbi, na sisi wa barabara za vijijini Njombe vumbi tunalo la kutosha. Ila vumbi linakula mabawa upande wa mbele, hewa inapoingilia, na yangu hapo yalikuwa mazima, yaliyokwanguka ni ncha zinazogusa ukuta.

Akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Taa nyekundu ya oili asubuhi inazima mara moja? Nikakumbuka kwamba asubuhi za baridi Mafinga ilikuwa inachelewa, unahesabu moja, mbili, tatu. Nilidhani ni baridi. Nozo, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, zimewahi kutolewa? Sikujua. Akaniambia niangalie makaratasi ya gari. Kwenye droo ya mbele kulikuwa na risiti za mkono za mwenye gari wa kwanza, na moja iliandikwa kusafisha nozo 4, kazi na mafuta ya kusafishia. Mzee akaisoma mara mbili, akauliza: "Washa ziko wapi?"

Sehemu hii wenye injini za namna yangu waisome polepole. Chini ya kila nozo kuna washa ya shaba, pete ndogo bapa, inayozuia moto wa ndani ya silinda usipande juu. Kwenye 1KD nozo zimekaa chini ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, eneo lenye oili. Washa ikichoka, au nozo ikitolewa na kurudishwa juu ya washa ileile ya zamani, au kikalio chake kisisafishwe vizuri, gesi ya moto inapenya pembeni na kuingia kwenye oili. Inaigeuza kuwa kaboni. Kaboni inashuka hadi kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu ya oili ikinyonya inaivuta hadi kwenye chujio la wavu lililo chini kabisa. Filta ya oili unayobadilisha kila sevisi haikusaidii, kwa kuwa oili inaifikia ikishapita pampu, na chujio hilo liko kabla ya pampu. Linaziba kidogo kidogo, na wa kwanza kuona njaa ya oili ni turbo, kwa jinsi inavyozunguka. Injini nzima inafuata.

Mzee akawasha gari, akafungua kifuniko cha kujazia oili. Kilikuwa kinarukaruka juu ya tundu lake na moshi unatoka kwa vishindo. Injini iliyochoka pistoni nayo hufanya hivyo, kwa hiyo hakuridhika. Akamwaga oili, akachukua kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu, akaipitisha kwenye tundu la nati ya kumwagia oili. Vijana wa gereji wanazo siku hizi na bei yake si kubwa. Tukaona kwenye kioo cha simu wavu ambao haukuwa na matundu.

Sampo ikafunguliwa. Chujio lilikuwa limefunikwa zaidi ya nusu na kitu cheusi kigumu, ukikigusa kinabanduka kwa vipande kama ukoko wa sufuria. Mzee akavibandua kwa bisibisi juu ya gazeti na vikajaa kiganja. Vingine vilikuwa vinene kiasi cha kuonyesha tabaka, msitari juu ya msitari, na akasema hapo unaweza kuhesabu sevisi ambazo oili ilibadilishwa na chujio halikuangaliwa.

Nilimpigia simu aliyeniuzia. Sikuwa na hasira sana, nilitaka kujua tu. "Dada, mimi turbo nilifunga mpya, ningekudanganya kwa faida gani?" Alikuwa anasema kweli. Ya kwanza ilikufa, gereji ikamfungia nyingine juu ya chujio lililoziba, na mimi nikaja kununua muda uliobaki. Ningemsikiliza fundi wa kwanza, ingekuwa ya tatu.

Kulikuwa na kishawishi kingine siku zile, nacho ni cha kuendelea kuendesha. Wateja wa parachichi hawasubiri, zikishachumwa zinaiva, na gari lilikuwa linatembea. Watu walinishauri niendelee mpaka ikatike kabisa. Mzee alikataa kunirudishia funguo kabla hajanieleza kinachotokea sili za turbo zikiachia kabisa: oili inamiminika kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli inaweza kuichoma oili hiyo kama mafuta. Raundi zinapaa zenyewe. Unazima ufunguo, haizimi, kwa kuwa haitumii tena dizeli ya kwenye tangi. Inaendelea hadi oili iishe au kitu kivunjike. Likikutokea na gari ni la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, ingiza gia kubwa, ya nne au ya tano, na uachie klachi ili injini inyongwe. La otomatiki hulinyongi hivyo. Linazimwa kwa kuziba njia ya hewa na kitu kigumu bapa, ubao kwa mfano, kamwe si mkono wala kitambaa chepesi, maana kinavutwa ndani. Na kama huwezi kufika hapo kwa usalama, toka, sogeza watu mbali, acha gari lijimalize. Nilishakuwa na mpira unaodondosha oili. Nikaacha gari, nikakodi Canter ya jirani kwa mzigo uliokuwa njiani, na faida ya safari hiyo ikaishia kwenye kukodi.

Kwenye kununua nilipewa njia nne. Turbo nzima halisi ya dukani, ambayo bei niliyotajiwa ilizidi 3,000,000 na sikuendelea kusikiliza. Turbo nzima ya kuiga, kama 1,300,000. Ya mtumba, 1,100,000. Au katriji peke yake, yaani moyo wa turbo, shafti na feni zake zote mbili zikiwa ndani ya kiini chake, ukatumia nyumba zako za zamani kama ni nzima. Mtumba mimi siutaki kwenye turbo. Injini ya mtumba unaweza kuisikiliza ikinguruma. Turbo ya mtumba huwezi kujua imetoka kwenye gari lililokufa kwa nini. Tukachagua katriji, 780,000, kutoka duka moja la Gerezani, Dar.

Hapa nilijifunza jambo la namba. Dukani wanakuuliza gari gani, mwaka gani, wanakupa kinachoendana. Mzee akakataa, akapiga picha kibati kidogo kilichopigiliwa kwenye mwili wa turbo, akatuma namba iliyoandikwa pale. Haikuwa ya gari langu la mwaka ule. Mwenye gari wa kwanza alifungiwa turbo ya toleo jingine, inakaa lakini katriji zake hazifanani. Ningeagiza kwa jina la gari ingekuja isiyoingia, na kurudisha spea Kariakoo ukiwa Iringa ni mtihani mwingine. Tuma picha ya kibati. Omba pia wakupigie picha karatasi ya balansi inayokuja na katriji. Ile isiyo na karatasi inaweza kuwa haikusawazishwa, na itapiga king'ora ikiwa mpya. Mzigo ulipanda basi jioni, asubuhi nikaupokea stendi ya Igumbilo.

Turbo ya injini hii ina mabawa madogo upande wa eksozi yanayofunguka na kujifunga, yanayoendeshwa na mota ya umeme. Yalikuwa yamejaa masizi na mazito kusogea. Yalisafishwa mpaka yakawa yanateleza kwa kidole. Kuna skrubu ndogo pale ya kuweka kikomo cha mabawa, na mzee aliipaka rangi kabla hajaanza kazi ili asiwepo kijana wa kuizungusha. Ukiizungusha gari linakosa nguvu au linapitiliza msukumo, na hakuna gereji ya kawaida itakayoirudisha sawasawa.

Kufunga kulichukua muda kuliko kutoa, na hapo ndipo wengi wanaua turbo mpya. Kijana mmoja alikuja na silikoni apake kwenye gasketi ya bomba la oili ili isivuje. Mzee alimnyang'anya. Silikoni ikikauka inamenyeka, kipande kikaingia kwenye tundu la oili ambalo ni jembamba, na hadithi inaanza upya. Gasketi mpya, kavu, basi. Bomba la kuleta oili tulinunua jipya kwa 85,000 kwa sababu la zamani lilikuwa limebana kwa ndani. La kurudisha lilisafishwa na kuangaliwa lisikunjike, kwa sababu oili hapo inashuka kwa uzito wake tu. Ikisimama, inatafuta njia kupitia kwenye sili. Intakula ilitolewa, ikaoshwa na kukaushwa, na oili iliyotoka ndani yake ilijaa kikombe. Hilo watu wanalisahau: ukifunga turbo mpya ukaiacha oili ya zamani kwenye intakula, gari litatoa moshi wa bluu nawe utadhani umeuziwa feki, au injini iinywe kwa mkupuo.

Nozo zilipelekwa kupimwa, 100,000, zikarudi na washa mpya nne, na vikalio vyake vilikwanguliwa hadi chuma kikaonekana. Washa na gasketi zote pamoja 120,000. Washa peke yake ni pesa ndogo sana ukilinganisha na kilichofuata kwa kutozibadilisha, na hilo bado linaniuma.

Kabla ya kuwasha, mzee alimimina oili safi kwenye tundu la turbo, akaizungusha feni kwa kidole hadi oili ikaonekana upande wa chini. Akazuia dizeli isiende, akapiga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazima. Ndipo akawasha. Hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga mafuta. Ilinguruma yenyewe dakika kadhaa na sisi tumesimama tunaangalia maungio, mimi moyo uko juu. Moshi mweupe ulitoka kidogo, ukakata.

Mtu mmoja pale gereji alishauri tuioshe injini kwa kuweka mafuta ya taa kwenye oili. Mzee alisema mafuta ya taa yatabandua kaboni yote kwa wakati mmoja na yote itakimbilia kwenye wavu tuliotoka kuusafisha. Bora kuweka oili nzuri, kutembea kidogo, kumwaga, kuweka nyingine. Oili ya mara mbili na filta zake ilifika 280,000. Kazi ya fundi 350,000. Ukijumlisha na ule mpira wa mwanzo, jumla ni kama 1,800,000, bila kuhesabu Canter ya kukodi na parachichi zilizolainika. Ni zaidi ya ile 1,250,000 ya fundi wa kwanza. Wapo wanaoniambia nilipigwa.

Uendeshaji wangu umebadilika kwa mambo machache. Asubuhi nawasha na kusubiri taa ya oili na mngurumo utulie, sipigi mafuta. Kitonga nashuka gia mapema badala ya kuibana injini kwenye gia kubwa. Nikishapanda, au nikisimama kula, siizimi palepale. Naiacha dakika moja au mbili turbo ipoe huku oili inapita. Sevisi nafanya kila kilomita 5,000, na oili nanunua mwenyewe dukani nikiwa naangalia kifuniko kinafunguliwa. Mluzi uliobaki ni ule mwembamba wa upepo, na mdogo wangu hatafuti tena gari la zimamoto.

Baada ya kilomita kama 1,000 tulimwaga oili ya kwanza na kupitisha tena kamera kwenye tundu. Wavu ulikuwa unaonekana matundu yake yote, isipokuwa vipande viwili vidogo vimeng'ang'ania pembeni. Mzee hakufurahi navyo. Alisema kaboni ya zamani bado ipo kwenye njia za juu na itaendelea kushuka, kwa hiyo sevisi ijayo kamera inapita tena, na ikionekana imeongezeka sampo itafunguliwa tena hata kama taa ya oili inazima mara moja. Nimeshanunua gasketi yake, iko kwenye droo ya mbele pamoja na risiti.